Mwaka wa Kufika Lukwele

Jumatatu, 1 Machi 1909. Morogoro mjini.

Bwana Daktari Harnisch amenipa madaftari kumi na mawili ya karatasi nzuri, na chumba alichokitaka Mwaisha kwa kuku wake sasa kimekuwa cha madaftari. Mke wangu, badala ya kulalamika, anafagia kwa kelele. Madaftari kumi na moja ni ya kazi. Hili la kumi na mbili nimejichukulia, kwa kuwa bwana amesema msaidizi wa elimu lazima aandike siku zake, naye hakusema aandike kwa ajili ya nani.

Kazi yenyewe ni hii. Kwao Ujerumani kuna chama cha wanachuoni wanaochunguza habari za kale. Hukutana mara moja kwa mwaka, husomeana karatasi zao, kisha huzipiga chapa katika jarida. Mwaka huu wanataka habari za koo za Uluguru: zilitoka wapi, zilipita njia gani, nani alizaa nani. Bwana Daktari ni mjumbe wao hapa, na mimi ni miguu yake. Maswali ni sitini na mawili. La kumi na nne ndilo analolipenda kuliko yote: mlifika mwaka gani?

Shule imeniruhusu mpaka mwisho wa masika. Bwana ameahidi kwamba jina langu, Hatibu bin Rehani, litapigwa chapa chini ya jedwali, na cheo juu: msaidizi wa Chama. Nimefundisha watoto kuandika kwa miaka tisa na sijawahi kuona jina langu mahali popote isipokuwa nilipoliandika mwenyewe. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Hatukuondoka.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua. Nilikwenda msikitini nikarudi nimelowa chapachapa.

Jumanne, 9 Machi. Njiani.

Tumeanza kupanda. Bwana ana punda, Agustino ana miguu ya mlimani, mimi nina viatu, na kati yetu sote mimi ndiye niliyeanguka mara nne. Agustino ni mkulima wa mboga wa kijiji cha misheni. Amechukuliwa atuongoze, na anifasirie Kiluguru kinaponishinda. Kinanishinda mara nyingi. Mama yangu ni mtu wa pwani, baba alikuja na misafara akatua mjini, na mimi nimeitazama milima hii maisha yangu yote bila kuuliza nani anakaa huko.

Kila tunapofika watu wanaleta wagonjwa, maana wamesikia daktari amekuja. Bwana anaeleza kwamba yeye ni daktari wa vitabu. Mama mmoja akauliza vitabu vinaumwa nini. Hilo sikulifasiri.

Alhamisi, 11 Machi

Leo nimefanya kazi nzuri na lazima niiandike, ingawa mkono umechoka.

Ukoo wa saba unakaa juu kabisa, chini kidogo ya msitu, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa tano. Mkuu wao anaitwa Lukwele. Nilitegemea mzee wa mkongojo. Nikamkuta mwanamume wa miaka arobaini na mitano hivi, mwembamba, anapanda maharage, na hakukubali kuacha jembe mpaka mvua ilipomwachisha. Ana kikohozi kinachomkunja. Tulikaa ndani kwake, moshi ukitutoa machozi, nikaanza na swali la kwanza. Watu wa koo nyingine hapa huanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Huyu alinijibu moja kwa moja, na maneno yake nimeyaandika kama Agustino alivyonipa.

“Nilikuja kutoka upande wa jua linakozama, mimi na dada yangu, na mbegu za ulezi ndani ya kibuyu. Nilikuta msitu mtupu. Nilikata mti wa kwanza pale penye chemchemi. Watu wa bondeni wakaja kudai maji, nikapigana nao siku tatu, nikawashinda. Mama wa watu hawa wote ni dada yangu.”

Nikafanya hesabu papo hapo. Mtu wa miaka arobaini na mitano. Kukata msitu na kupigana siku tatu ni kazi ya kijana wa ishirini. Basi ni miaka ishirini na mitano iliyopita. Nikaandika: 1884.

Bwana Daktari aliposoma alinipiga bega. Koo sita zilizotangulia zilisema zamani, na Chama hakiwezi kupiga chapa neno zamani. Alisema nina akili ya mwanachuoni. Nimefurahi sana, na sioni haya kuandika.

Tulipoondoka Lukwele alinipa kuku. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama bwana ana dawa ya kifua. Bwana akasema hana. Najua ana sanduku la dawa zake mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye ninayelifunga kila asubuhi. Sikusema kitu, maana siku ilikuwa nzuri na sikutaka kuiharibu.

Jumatano, 17 Machi

Ukoo wa kumi na moja. Swali la kumi na nne: zamani.

Jumamosi, 20 Machi

Ukoo wa kumi na tatu. Zamani. Kiatu cha kushoto kimefumuka.

Ijumaa, 26 Machi

Ukoo wa kumi na nane. Hapa yuko bibi kipofu, Chausiku, ambaye ameniimbia nyimbo za kuomba mvua tangu jana asubuhi. Kila wimbo una majina ya vilima walikopita. Aliniambia hana mtoto aliye hai wala mjukuu anayetaka kujifunza, na akauliza kama karatasi inaweza kushika sauti. Nikamwambia inashika maneno tu. Akasema si haba. Daftari zima limejaa yeye.

Bwana amesema nyimbo ni nzuri lakini anataka miaka. Nitafute watu wanaosema kama Lukwele, nilikuja, nilifanya, kisha nipige hesabu. Tangu tulipotoka kwa Lukwele nimekwisha kuwapata wanane wengine, na wote nimewapa mwaka.

Jumamosi, 3 Aprili

Leo ni Maulidi. Mjini watakuwa wamevaa kanzu safi, na Mwaisha amepika. Mimi niko katika kibanda kinachovuja, miguu imefura, nauliza mtu nani alizaa nani. Agustino aliniletea uji wa moto bila kuombwa, akasema anajua ni sikukuu yetu. Nilishindwa kumshukuru vizuri.

Jumatano, 14 Aprili

Ukoo wa thelathini na moja, ambao ndio wa mwisho. Nimechoka hata kufurahi nimesahau.

Jumatatu, 19 Aprili. Mjini.

Binti yangu Asia alinikimbia, hakunitambua kwa ndevu. Mwaisha alinipasulia miba ya miguuni, akahesabu ishirini na mbili, na kila mmoja aliutaja kwa namba kama maswali yangu.

Agustino alipita jioni. Lukwele amefariki tangu Jumatatu ya Pasaka, kwa kifua. Alizikwa watani wakitaniana juu ya jembe lake, kwamba hata huko alikokwenda watamnyang'anya ndipo apumzike. Nilicheka, kisha nikalikumbuka sanduku la dawa. Ningeweza kusema neno moja na sikulisema. Jambo hili linanikera na sijui nilipeleke wapi.

Jumamosi, 24 Aprili

Jedwali limekwenda kwa gari moshi, litapanda meli Dar es Salaam. Koo thelathini na moja, tisa zikiwa na mwaka. Nimelinakili mara tatu kwa mwandiko wangu bora. Chini kabisa, kwa wino mweusi, kuna jina langu.

Ijumaa, 30 Aprili

Bwana Daktari alikuwa na mgeni wa chakula, Mjerumani anayepima misitu, ambaye watu humwita Bwana Misitu tu. Niliitwa nilete nakala ya jedwali. Bwana alimwonyesha ile miaka tisa kama mtu anayeonyesha watoto wake. Mgeni aliisoma polepole, kidole juu ya mstari, akaomba nakala moja. Bwana alimpa kwa furaha, na mimi nilisimama mlangoni nikijisikia mkubwa.

Alhamisi, 6 Mei

Amri imetoka. Msitu wa juu utakuwa wa serikali na mstari utachorwa. Walio mlimani kwa miaka thelathini au zaidi watabaki na mashamba yao. Waliokuja baadaye, ambao ndio wanaosemekana kula msitu, watashushwa bondeni kabla ya mwisho wa Juni.

Ushahidi ni jedwali letu. Katika wale tisa wenye mwaka, wanane wanakaa chini na mstari hauwagusi. Watu wa Lukwele peke yao ndio wako juu, nao wameandikiwa miaka ishirini na mitano. Bwana Misitu amenitaka mimi nikawasomee, kwa kuwa wananijua.

Sipendi kazi hii. Lakini nilijiambia njia nzima ya kurudi nyumbani kwamba sheria ni sheria, na miaka ishirini na mitano si thelathini.

Jumamosi, 8 Mei. Kwa Lukwele.

Mvua imeanza kupungua, lakini njia ni mbaya kuliko mwanzo. Tulifika na Agustino mchana.

Mlangoni alikaa kijana ninayemjua. Ni Severini, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akileta kabeji jikoni kwa Bwana Daktari kila Ijumaa, rozari shingoni. Ana miaka ishirini na miwili, ishirini na mitatu hivi. Leo alikuwa na bangili ya shaba mkononi, amekalia kigoda cha mjomba wake. Nikampa mkono, nikasema, “Pole, Severini, kwa msiba wa mjomba.”

Alinitazama kama niliyemsalimu mtu aliye nyuma yake.

“Karibu tena, karani,” akasema. “Ulipokuja mara ile nilikupa kuku, nikakuomba dawa ya kifua.”

Nilifikiri ni huzuni. Nikamwambia taratibu kwamba huyo alikuwa marehemu. Akasema, bila kukasirika, “Lukwele ni mimi.”

Sikufungua amri. Nikatoa daftari, nikamuuliza swali la kumi na nne mbele ya watu: alifika hapa lini, na namna gani. Akajibu neno kwa neno. Alikuja kutoka upande wa jua linakozama, yeye na dada yake, na mbegu za ulezi ndani ya kibuyu. Alikuta msitu mtupu. Alipigana siku tatu. Kijana huyu alizaliwa misheni, na kila mtu mjini anajua mwaka aliobatizwa.

Nikamgeukia Agustino, nikamuuliza kama alijua.

“Kila mtu anajua,” akasema. “Anayekalia kigoda cha Lukwele ni Lukwele. Aliyoyafanya yule ameyafanya huyu, na atakayekuja atasema ameyafanya yeye. Ndivyo ukoo unavyosema.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliandika upesi sana, mwalimu. Nikadhani unajua.”

Nikawasomea amri, maana ndiyo niliyotumwa. Walisikiliza wote. Mama wa kijana, Yuliana, ambaye kwa desturi hiyo hiyo ndiye dada anayetajwa katika maneno yao yote, alingoja nimalize. Kisha akauliza ni nani aliyewaambia serikali kwamba wamekuja juzi. Agustino alinitazama, halafu akatazama chini, na mimi nikaikunja amri.

Jumapili, 9 Mei

Sikulala. Asubuhi Lukwele, sasa namwita hivyo, alinipeleka kwenye makaburi. Niliomba mwenyewe.

Yako mstarini, ukingoni mwa msitu, yamewekewa mawe. La kwanza bado ni udongo mbichi. Nililipita upesi. La pili lina majani. La nne mawe yake yamezama nusu, la sita huoni jiwe mpaka upapase kwa mkono. La nane lina mti uliootea katikati, na mimi na Agustino tuliushika pamoja bila vidole vyetu kukutana. Ni Lukwele wanane waliozikwa, na wa tisa alisimama karibu nami akipangusa matone ya ukungu usoni. Nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga Machi. Hata nikimpa kila mmoja miaka kumi na minane tu kitini, wako hapa zaidi ya miaka mia na arobaini.

Niliwaambia ukweli hapo hapo, kwamba mwaka ule niliuandika mimi. Yuliana alisikia. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliuliza tu kama mkono ulioandika unaweza kufuta.

Jumatatu, 10 Mei

Nimemweleza Bwana Daktari yote, nimesimama, matope ya mlimani bado yako miguuni. Hakunikatiza. Mwishoni alitoa jedwali, akaanza kugusa ile miaka mmoja mmoja, wa Lukwele, na wa wale wanane, na nilimwona anaelewa kwamba yote tisa nimeipata kwa hesabu ile ile. Uso wake ulizeeka. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

Alisema ataandika sahihisho kwa Chama, lisomwe kwenye mkutano wa mwaka ujao. Nikamuuliza watu wa Lukwele watakuwa wapi mwaka ujao. Akasema hilo ni jambo la misitu, si la elimu.

Jumatano, 12 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Misitu mwenyewe. Si mtu mbaya. Alinikalisha kwenye kiti, akanisikiliza kwa Kiswahili chake kilichokatika, akauliza juu ya mti ule wa kaburini, aina gani, unene gani. Nadhani aliniamini.

Lakini alisema hivi. Akiandika kwamba karani amekosea, wakubwa watataka uchunguzi, na Chama kiulizwe, na jibu litachukua mwaka. Mstari utachorwa Juni. Akiandika kwamba karani ametunga jibu kwa uongo, ushahidi wa uongo unafutwa siku hiyo hiyo, na asiye na ushahidi dhidi yake anabaki alipo. Atakachohitaji ni maungamo yenye sahihi. Adhabu ni kufukuzwa kazi ya serikali na viboko kumi na tano. Aliyasema haya akitazama dirishani, kisha akaniambia niende nikafikiri.

Alhamisi, 13 Mei

Bwana Daktari amesikia, akaniita kabla ya jua kupanda. Nilijua atakasirika. Sikujua atanibembeleza.

“Ukitia sahihi kwamba umetunga jibu moja,” alisema, “nani atayaamini mengine? Nitalazimika kuondoa yote. Koo thelathini na moja, Hatibu. Huyo kipofu wako na nyimbo zake. Akifa, hakuna mwingine atakayekwenda kumuuliza.”

Hasemi uongo. Hilo ndilo linalonimaliza. Nimetembea masika yote kwa ajili ya madaftari yale, na mbali na miaka yangu tisa ya kijinga, kila kilichomo ni kweli. Bibi Chausiku alinipa sauti yake kwa siku mbili akiamini inakwenda mahali. Nikitia sahihi, nimemzika kabla hajafa. Nisipotia, watu mia mbili watashushwa bondeni kwa mbu, wataacha makaburi manane, na yule kijana atakuwa Lukwele wa kwanza kufukuzwa.

Nimemweleza Mwaisha. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Aliuliza maswali mawili tu: kama shule itanirudisha, na kama ni kweli nilisema uongo. Nikasema hapana kwa yote mawili. Akachambua mpaka ungo ukaisha.

“Basi baba Asia,” akasema, “watu watakuita mwongo, na mimi nitakuwa mke wa mwongo sokoni. Nilitaka tu nijue kabla, nisishtuke.”

Sijawahi kumpenda kama ninavyompenda jioni hii, wala kujionea haya zaidi.

Ijumaa, 14 Mei

Niliswali, nikarudi, nikakaa. Hakuna kilichobadilika kwa kukaa.

Jumamosi, 15 Mei

Nimetia sahihi. Maungamo waliyaandika wao na nikapewa niyanakili, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. “Mimi, Hatibu bin Rehani, nimetunga kwa uongo habari za Lukwele.” Ndiyo mara ya kwanza jina langu kuwekwa kwenye jalada la serikali. Bwana Misitu aliukausha wino mwenyewe, akavuta ramani, akafuta mstari kwa raba, akauchora juu zaidi, kupita makaburi. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Jumatatu, 17 Mei

Kumi na tano. Sitaandika.

Jumatatu, 24 Mei

Sasa naweza kukaa, kwa upande mmoja. Mwaisha ananipaka mafuta asubuhi na jioni, naye hupaka kwa upole kuliko anavyofagia.

Shule imeleta barua. Watoto wangu wamepewa mwalimu mwingine. Mmoja wao alinipita barabarani akasita, hajui kama mwongo huamkiwa shikamoo. Akaamua kuamkia. Nilimwitikia marahaba na machozi yakanijaa, na mpaka sasa sijui kama aliyaona.

Bwana Daktari amepeleka simu ya maandishi mpaka Ujerumani, karatasi zirudishwe kabla hazijasomwa. Ameniletea madaftari yote kumi na moja ndani ya sanduku, na barua fupi: kwa Chama hayana thamani tena. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa kidogo na kofia mkononi. Aliponiaga aliniita bwana Hatibu, kitu ambacho hakukifanya masika yote.

Jumatano, 2 Juni

Mbingu ziko wazi leo, siku ya tano bila tone. Agustino ametuma salamu kwamba Bibi Chausiku bado mzima. Nitakwenda mgongo ukipona, kumwambia mwenyewe kwamba nyimbo zake zimerudi na ziko chumbani kwangu na kuku. Naogopa safari ile kuliko nilivyoogopa boma na viboko vyake.

Lukwele alikuja mjini kuuza maharage, akauliza nyumba yangu mpaka akaipata. Mwaisha alimkaribisha ndani, mimi nikiwa nimelala kifudifudi mkekani, na nilipotaka kuinuka mgeni alinizuia kwa mkono. Alikaa chini. Alisema vigingi vya mstari vimepigwa kupita makaburi, upande wa msitu, na mama yake, Yuliana, amepanda mbegu tena. Kisha akataka nimsomee alivyosema Machi.

Nikamwomba Asia alete daftari lenye ukoo wa saba. Nikasoma kwa Kiswahili, polepole, kidevu juu ya mkeka. Kibuyu, chemchemi, siku tatu za vita. Nilipofika kwenye ule mwaka nilinyamaza nikamwonyesha kwa kidole, namba nne zilizonyooka vizuri. Aliziangalia kwa muda, akauliza kama hizo ndizo. Nikasema ndizo.

“Mjini wanasema wewe mwongo,” akasema.

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Kwetu haijaandikwa. Nitasema, serikali ilitaka kunishusha, na karani akapigwa mgongo kwa ajili ya makaburi yangu. Nitasema hivyo nikiwa mzee, na nikifa nitaendelea kusema.”

Nililia, mwanamume mzima, uso mkekani, na sikujificha. Nimechoka sana, na hakuna mtu aliyenipa kitu kikubwa kama hicho. Nilitaka kukipokea na kunyamaza. Nikashindwa. Nilimwambia akisema hayo, aseme pia kwamba aliyeandika ule mwaka ni karani huyo huyo, kwa haraka yake na kwa kupenda sifa, na kwamba alipoombwa dawa alijua iliko na hakusema.

Alizungusha bangili mkononi. Kisha akasema hilo nalo atalisema.